Jina la Mkulima

Nyansurura,
Machi 12, 2023

Adero mwenzangu,

Naandika haraka kwa sababu dereva wako Olima ameshapakia kreti na anapiga honi kama mtu aliyeibiwa. Usinipigie kwenye ile namba. Simu ni ya mume wangu Kisyeri, anaondoka nayo asubuhi, na ukipiga anapokea yeye halafu jioni ananisimulia nusu. Barua itakwenda na mboga, jibu lirudi na kreti tupu.

Hoho za kwanza zimetoka. Nilipokuwa nazichuma nilikumbuka tulivyolala kitanda kimoja bwenini pale Tarime, kidato cha pili, ukasema ukimaliza chuo cha kilimo utakuja kunifundisha kulima. Nilicheka. Mimi Mkurya nifundishwe jembe na Mjaluo! Mwaka uleule nikaolewa, wewe ukaendelea na shule. Sasa umekuja kweli, umenifundisha kweli, na kicheko kimeniisha.

Bonde unalijua. Mama mkwe alinionyesha nilipoletwa hapa, akasema wanaume hawashuki huku, ni pa mboga za kienyeji, mgagani na mnafu. Miaka yote hakuna aliyeniuliza ninapanda nini. Shamba la watu ni lile la juu: mahindi ya Kisyeri, na kando yake mihogo na viazi vyangu vya kulisha watoto. Leo bondeni kuna karoti, matango na hoho, na watalii huko hotelini mbugani wanakula kazi ya mikono yangu. Rose yuko shule, sikumwomba baba yake chochote. Rhobi ana viatu. Wewe huna mtoto, hujui raha ya kumvisha mtoto kiatu ambacho hukukipigia magoti.

Akina mama wa kikundi wanaulizia pampu ya sola. Eunice, mweka hazina wetu, anasema ahadi za mradi wenu wa mboga ni kama mvua ya Januari. Nimemwambia wewe si mtu wa maneno.

Mimi wako,
Wegesa

*

Tarime,
Machi 27, 2023

Wegesa dada yangu,

Barua yako imefika ikinuka karoti. Niliisoma mezani kwangu nikaificha haraka, maana mkuu wangu angeitaka kwa ajili ya ripoti, na mimi niliitaka iwe yangu.

Pampu zipo, nimeziona kwa macho yangu. Kuna jambo dogo tu la utaratibu. Wanunuzi wetu, hawa wanaopeleka mboga hotelini na kwenye kantini za mgodini Nyamongo, wanataka kila eneo liwe na mwenyewe anayetambulika. Usilitie moyoni, nitalishughulikia mimi. Kabla ya Juni tunatakiwa tuwe tumeandikisha wakulima wa kutosha. Tusipofika, pampu zitapelekwa wilaya nyingine na mimi sijui nitapelekwa wapi.

Wewe ongeza vitalu. Kagua upande wa chini wa majani kama nilivyokuonyesha. Na kaa vizuri na mumeo. Nasikia ni mtu mwelewa, tutamhitaji.

Nakupenda,
Adero

*

Nyansurura,
Juni 18, 2023

Adero,

Pampu imefungwa. Jua likitoka tu maji yanapanda mpaka kwenye tangi, na akina mama walikuja wote kutazama. Mgongo wangu umepona ndoo.

Ila kuna kitu sikukielewa. Mafundi walipomaliza hawakuniita mimi wala Eunice. Walimwita Kisyeri wakamkabidhi ufunguo wa kile kisanduku, naye akaupokea kama mtu aliyekuwa anausubiri. Nikasema labda ni kwa sababu alikuwa mwanaume aliyesimama karibu.

Tangu siku hiyo anashuka bondeni. Amenunua mabuti. Anapita kati ya mistari akigusa hoho, na mtu akipita njiani anamwambia, "Karibu uone hoho zangu." Mwanzo nilifurahi, sitakudanganya. Mke gani hapendi mumewe aone kazi yake? Halafu wiki iliyopita akaleta plau na maksai, akageuza kile kipande changu cha juu, mihogo na viazi vyote, viazi vikiwa bado vidogo kama vidole.

Nikamwambia, "Baba Rose, watoto watakula nini?"

Akasema, "Chakula kinanunuliwa. Si wewe uliyesema hii ni biashara?"

Na kweli nilisema. Nilikuwa nimelitoa kwako hilo neno.

Malipo ya mavuno haya hayakupitia kwa Eunice. Yameingia kwenye simu ya Kisyeri, anasema kampuni imebadilisha. Wewe ni mtu wa ofisi, anakuita madamu. Zungumza naye. Mimi ananisikiliza kama redio ya jirani.

Watoto wazima, tunakula vizuri.

Wegesa

*

Tarime,
Julai 9, 2023

Mpendwa Wegesa,

Hongera sana kwa familia nzima. Kwa kweli jambo unalolieleza ndilo tunalolitaka katika mradi, yaani kilimo kiache kuwa cha mama peke yake kiwe cha nyumba nzima. Wenzako wengi wanalia kwamba waume zao wamekaa vilabuni. Wako amevaa mabuti.

Kuhusu malipo, nitaongea naye nikipata nafasi. Kwa sasa tumebanwa. Mwezi ujao wageni wanaotufadhili wanakuja na tumechagua shamba lenu. Nimekutumia fulana mbili za mradi, moja kubwa moja ndogo. Naomba siku hiyo wageni wapikiwe kuku, na tafadhali mambo ya ndani ya nyumba yasitajwe mbele yao. Ukiwa na jambo niambie mimi pembeni.

Nafurahi kusikia mnakula vizuri.

Adero

*

Nyansurura,
Septemba 3, 2023

Adero,

Siku ya wageni ulikula kwangu. Nilikutengea kipaja cha kuku nikampa Rose akuletee. Hukuinua macho. Nikasema umechoka, una wageni wengi.

Kisyeri alivaa ile fulana kubwa, akawaeleza jinsi alivyothubutu kuacha kutegemea mahindi. Aliyasema maneno yangu yote, hata lile la upande wa chini wa jani. Wakampigia makofi. Mgeni mmoja akauliza mama yuko wapi, wakanionyesha nikiwa na sufuria mkononi, wakanipiga picha. Hayo yangepita.

Juzi asubuhi ng'ombe zilitolewa zizini. Kisyeri na wazee wawili walizifuata nyuma, wakashika njia ya Mugumu. Nikadhani zinakwenda mnadani. Jioni akarudi mikono mitupu, akaoga, akaniita nikae.

"Shamba limekuwa kubwa," akasema. "Mikono yako haitoshi. Na boma hili halina mtoto wa kiume."

Nikamwambia, "Shamba la bondeni liko chini ya kikundi. Mkulima aliyeandikishwa ni mimi."

Hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kushika. Alicheka polepole, kama unavyomcheka mtoto.

"Mama Rose, mkulima ni mimi. Rafiki yako alinifuata mnadani mwezi wa tatu, akaninunulia soda, akaniomba niwe mkulima. Sikujua hata hoho inapandwaje. Akasema nisikuambie kwanza, usije ukavunjika moyo."

Mwezi wa tatu, Adero. Ndio mwezi ulioniandikia kuna jambo dogo.

Tena ujue nilikudanganya niliposema tunakula vizuri. Tangu mihogo igeuzwe tunakula udaga wa mihogo wa kukopa kwa Eunice, na karoti zilizopinda ambazo kampuni inazikataa. Sikutaka uone kama ninakulaumu.

Zile ng'ombe zilikuwa mahari. Msichana anaitwa Agustina. Analetwa Jumamosi. Nimeambiwa nimfundishe kuchuma.

Wegesa

*

Tarime,
Septemba 17, 2023

Wegesa,

Nimekaa na barua yako siku nyingi nikitafuta pa kuanzia.

Ardhi ni ya Kisyeri. Mila hiyo sikuitunga mimi, wala masharti ya wanunuzi. Ningepeleka jina lako wangesema huna eneo, na akina mama wote wangebaki na ndoo vichwani. Nilichagua pampu. Wewe mwenyewe umesema mgongo wako umepona. Mwezi ule mkataba wangu wa kazi ulikuwa mezani, na mama yangu kule Rorya anakula kwa mkono wangu. Ningefanyaje? Ningekuambia, ungekataa, na ungekataa kwa haki, halafu sote tungekosa.

Kuhusu huyo Agustina, mama yangu naye aliishi na mke mwenza. Mwanzo ni mgumu, baadaye wanasaidiana. Huenda ukapata kupumzika kidogo.

Usiache kuniandikia.

Adero

*

Tarime,
Novemba 26, 2023

Wegesa,

Kreti zinarudi bila barua. Olima anasema hakuoni tena bondeni, anamwona msichana tu, na msichana akiulizwa anatazama chini. Kama umenikasirikia, kasirika kwa maandishi nikusome.

Adero

*

Nyansurura,
Januari 14, 2024

Kwa Madamu Adero,

Salamu kutoka boma langu. Nimekupigia simu mara nyingi hupokei, nikaona nitumie hii njia ya kreti mliyokuwa mkiitumia ninyi akina mama.

Nakujulisha kwamba mama Rose aliondoka hapa mwezi wa kumi na moja. Alikataa kushuka bondeni na mwenzake. Nilimrudi kidogo kwa fimbo, jambo la kawaida la nyumba, naye akaenda kwa kaka yake Steven huko Tarime vijijini. Steven ni mtu mwenye akili. Ng'ombe nilizotoa kwa dada yake ndizo alizoolea mke wake yeye, na hana za kunirudishia, hivyo hakumpokea. Nasikia sasa yuko Nyamongo anapikia wachimbaji. Kwa taratibu zetu bado ni mke wangu, na watoto ni wa ukoo, wako hapa.

Sasa kazi. Hoho zimeanza kunyauka kuanzia upande wa maji. Agustina ana nguvu ila hajui, na sasa ni mjamzito. Rose nimemsimamisha shule kidogo asaidie kuchuma. Naomba unitumie bwana shamba. Pia uliwaambia wageni kuna pampu ya pili kwa mkulima atakayefanya vizuri. Mimi niko tayari.

Ukimwona mama Rose mwambie sina kinyongo.

Mkulima wako,
Kisyeri

*

Tarime,
Februari 11, 2024

Wegesa,

Barua hii anakuletea Olima akija kushusha mboga kantini. Yeye ndiye aliyenielekeza kwako.

Nilikuja Nyamongo wiki iliyopita. Nilikuona. Ulikuwa unasuuza sahani nyuma ya kibanda, umefunga kitambaa cha njano, vumbi la malori limekujaa usoni. Nilikuwa na mkuu wangu kwenye gari. Nikamwambia dereva tuendelee.

Nilipaswa kukuuliza ule mwezi wa tatu. Hilo tu nililolipata baada ya miezi yote hii, nalo ni dogo, najua.

Mradi unafungwa Juni. Kuna fungu limebaki la wanawake. Naweza kukutafutia eneo la kukodi huko huko, uanze upya kwa jina lako. Ila ofisi wanataka simulizi ya kila atakayesaidiwa, na picha. Nimesema yako naijua. Ukikubali nitaiandika vizuri.

Adero

*

Nyamongo,
Machi 3, 2024

Adero,

Ulipita na gari. Mimi pia nilikuona.

Eneo la kukodi silitaki. Nikilima nikapata, mwenye eneo atashuka na mabuti. Na simulizi yangu usiiandike. Andika ya Kisyeri, mnayo tayari, na picha mnazo.

Jumapili iliyopita Agustina alikuja. Alimwambia Kisyeri anakwenda kliniki, akapanda bodaboda na tumbo lake mpaka hapa. Alikaa kwenye benchi la wateja, nikamwekea chai kama mteja.

"Mama mkubwa," akasema, "hoho zinakufa."

"Zife."

"Zikifa tunakula nini? Mihogo hakuna. Rhobi amekuwa na vidonda mdomoni, anasema ni karoti."

Nikaendelea kukata nyanya. Nikamuuliza Rose yuko wapi.

"Yupo. Ila wazee wawili walikuja kumtazama. Baba Rose amesema msimu ukiisha watazungumza. Anataka ng'ombe zake zirudi zizini."

Alipolisema hilo alianza kulia, nikajua kwamba na yeye alitazamwa hivyohivyo, akiwa anafanya kazi, kabla hajaambiwa kwamba anaolewa. Nilikuwa nimemchukia vizuri mpaka dakika ile. Nilimwambia ang'oe hoho zote zilizonyauka azichome, asipande tena hapo, na apande mihogo kule mteremkoni ambako mtu wa mabuti hafiki. Aseme ni bwana shamba aliyemwambia. Alipoondoka alinishika mkono akaniita mama. Nilimlipia bodaboda.

Sasa nisikilize. Kisyeri akiniona mimi haniachii Rose. Kaka yangu hawezi kufungua mdomo. Lakini wewe anakuita madamu na anataka pampu ya pili. Mpe. Mwambie wafadhili wana sharti moja, binti wa mkulima bora asomee bweni Tarime mpaka amalize, wageni watakuja kumwona. Akiuliza karatasi, mwonyeshe karatasi yoyote. Uliweza kunidanganya mimi niliyelala na wewe kitanda kimoja, yeye hatakushinda.

Sikuombi msamaha wala sikupi. Nataka mtoto atoke.

Wegesa

*

Tarime,
Mei 19, 2024

Wegesa,

Rose yuko bwenini. Nimemfikisha mwenyewe na godoro na sanduku.

Kisyeri alikubali kabla sijamaliza sentensi. Aliita wazee, wakachinja mbuzi, akasimama na kutangaza kwamba yeye si kama wanaume wengine, anasomesha binti. Wale waliokuja kumtazama Rose walikuwepo, wakaona haya kusema lolote. Pampu ya pili imefungwa. Mkuu wangu amefurahi, jina la Kisyeri limekwenda juu kama mkulima bora. Sharti lile halikuwa popote ila kinywani mwangu, na karo nailipa mimi. Kazi yangu inaisha mwezi ujao. Nitatafuta nyingine, hata Migori kwa kaka yangu Obonyo, ila karo haitakatika.

Mihogo ya Agustina imeshika. Amejifungua mtoto wa kiume.

Kuna jambo moja siwezi kulibeba bila kukuuliza. Njiani Rose aliniambia, "Baba amenipigania. Mama alituacha." Anaamini hivyo, na nyumbani wote wanasema hivyo. Nilitaka kusimamisha gari nimwambie kila kitu. Niruhusu nimwambie.

Adero

*

Nyamongo,
Juni 2, 2024

Adero,

Usimwambie.

Akijua ni mimi niliyemtoa atapanda gari aje Nyamongo kunitafuta. Hapa si mahali pa binti wa umri ule, na akitoroka bweni mara moja tu Kisyeri atapata sababu ya kumrudisha nyumbani. Halafu mtoto ni mtoto, atamwambia Rhobi, Rhobi atamwambia bibi yake, na kesho yake baba yao atajua kwamba sharti hakuna. Mwache Kisyeri aendelee kujisifu. Maadamu anajisifu kwa ajili ya Rose, hatamwondoa shule.

Ukienda kumwona mpelekee sabuni na daftari, useme zimetoka kwa baba yake. Akikuuliza habari zangu sema hujui niliko.

Wachimbaji wamefika, wanataka ugali.

Wegesa